Dalili ya Mvua ni Mawingu

Askari wa zamu aonaye vumbi likitimka kwa mbali hangoji adui afike langoni ndipo apige kengele. Ndivyo ilivyo pia wodini baada ya mtu kupandikizwa ini. Adui wa hapo haonekani kwa macho. Habari zake zimo katika damu.

Daktari Thomas Starzl alijaribu upasuaji huo mara ya kwanza mwaka 1963 huko Denver, Marekani, na mgonjwa akafariki. Mwaka 1967 ndipo mgonjwa wake akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Barani Afrika, Misri imefanya kazi kubwa, na huko ini hutolewa hasa na mtu aliye hai, mara nyingi ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo ini hilo likishindwa kufanya kazi, watu wawili wamepasuliwa bila faida.

Daktari hutazama nini? Hutazama laktati, asidi ambayo ini zima huiondoa mwilini. Isiposhuka mapema, kuna hatari. Hutazama vimeng'enya vinavyomwagika katika damu ini linapojeruhiwa. Hutazama bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, na jinsi damu inavyoganda. Mwaka 2010 wataalamu wakiongozwa na Kim Olthoff waliweka mipaka: bilirubini ya miligramu 10 au zaidi kwa desilita siku ya 7, au kipimo cha kuganda kwa damu cha 1.6 au zaidi siku hiyo. Au vimeng'enya kupita uniti 2,000 kwa lita katika siku 7 za kwanza. Mpaka mmoja ukivukwa, ini linayumba.

Figo nazo huweza kuanguka. Kreatinini, kipimo chao cha siku nyingi, huchelewa kutoa habari, kwani hupanda figo zikiwa zimekwisha umia.

Hata hivyo, namba moja si hukumu. Kamanda hahamishi kikosi kwa taarifa ya doria moja. Daktari naye hulinganisha namba siku hadi siku.

Wasikilizaji walio kambini na vituoni wana somo lao. Maini mengi huharibiwa na homa ya ini. Aina B ina chanjo. Aina C haina, lakini ina dawa ya kuiponya. Mwaka 2018 na 2019 Misri ilipima damu za mamilioni ya raia wake kutafuta aina C. Wembe usishirikiwe, chanjo isikimbiwe, na kipimo kisiogopwe. Damu itoayo onyo wodini hutoa onyo kambini pia, miaka mingi kabla ya kisu.