Mtoto wa Kupakatwa: Safari ya Teksi Isiyo na Kiti cha Mtoto, Kigoma na Ujiji

Ndugu mwenyekiti, madereva wa teksi na bajaji, akina mama na akina baba mliofika,

Nimepewa dakika 20. Nyingi nitazimalizia kwenye neno moja, kupakata, maana humo ndimo shida yetu ilimojificha.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Nimefanya kazi ya uuguzi wa kliniki ya watoto miaka mingi. Nimepima, nimechanja, nimegombeza akina mama waliochelewesha chanjo. Basi alfajiri moja nilikwenda stesheni kuwapokea binti yangu na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Tukakodi teksi kwenda Ujiji. Mama mtu alikuwa hoi kwa safari ya treni, nikamwambia lete huyo, nikampakata. Tukiwa kwenye mwinuko wa kuelekea Mwanga, mbuzi akakatiza. Dereva akakanyaga breki. Hatukugonga kitu, na mbuzi akaenda zake. Lakini mjukuu wangu alinitoka mikononi kama kipande cha sabuni, paji la uso likapiga mgongo wa kiti cha mbele. Alivimba, akalia, akapona. Dereva hakuwa mkorofi wala hakuwa na mbio. Na mimi sikuwa nimezubaa: nilikuwa nimemshika kwa mikono yote miwili.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema "nitamshika vizuri", nanyamaza kidogo kabla ya kumjibu.

Kupakata na nauli

Kiswahili kinatofautisha. Kubeba ni kubeba chochote. Kueleka ni kwa mbeleko, mtoto mgongoni. Kupakata ni mapajani, na ni neno lenye joto. Hakuna anayepakata gunia. Lakini ndani ya chombo cha abiria neno hili limepata kazi nyingine. Konda akisema "mama, mpakate mtoto", hazungumzii mapenzi. Anasema siti inahitajika. Na mama naye anajua upande wa pili wa hesabu: mtoto anayepakatwa halipi, anayekaa analipa. Mama anayetoka Kibirizi na ndoo mbili za dagaa, nauli ya siti ya pili si kitu cha kupuuza. Kwa hiyo tusimlaumu kwa haraka. Mtoto anakaa mapajani kwa sababu ndiyo bei iliyopatanwa.

Tulipozoea hivyo kwenye daladala, tukahamishia mazoea kwenye teksi ya kukodi, ambako siti ya nyuma yote tumeshailipia. Hapo hatuokoi hata shilingi. Tunampakata kwa mazoea tu.

Kilo kumi zinapokuwa gunia mbili

Akina mama mnaijua kadi ya kliniki. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana uzito wa kilo 10 hivi. Kilo 10 unazibeba ukipanda na kushuka kilima. Lakini gari linapokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, kila kilichomo ndani kinakwenda kilomita 50 kwa saa, mtoto pia. Gari likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, yeye anaendelea mbele. Ili umzuie asiende, mikono yako ivute kwa nguvu ya kuinua karibu kilo 200. Gunia mbili za mahindi, kwa ghafla, na wewe mwenyewe unarushwa. Hakuna mchukuzi pale bandarini anayeweza hilo.

Kuna njia nyingine ya kulipima jambo hili, na kwetu ni rahisi kuiona. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Mtazame mchikichi mrefu, ule ambao mkwezi hupanda kwa kamba akikata mikungu ya chikichi. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni kama kuanguka kutoka mita tatu na nusu, tawi la chini la mwembe. Kutoka tawi la mwembe watoto wetu wa Ujiji wameanguka sana, wengi wakainuka wakilia. Kutoka kilele cha mchikichi haanguki mtu akainuka. Tofauti hiyo ni kilomita 20 za mwendo, na imo chini ya mguu wa dereva.

Mama mmoja aliniuliza: je, nikijifunga mkanda mmoja na mwanangu, tukawa kitu kimoja? Hapana, hilo ndilo baya kuliko yote. Gari likisimama, uzito wako wote unamgandamiza mtoto kwenye mkanda. Wewe utapona, yeye tumbo litaumia. Na akiwa mgongoni kwa mbeleko, ukiegemea kiti, yeye ndiye mto wako. Mbeleko ifunguliwe kabla ya kuingia garini, hata kama amelala na unajua ataamka na kelele.

Mkanda upo, umefunikwa

Kiti cha mtoto ndicho dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kikitumika kinaweza kupunguza vifo vya watoto wanaosafiri kwenye magari kwa asilimia 60. Sitasema lazima kila mzazi anunue. Anayeshuka kwenye treni na begi, debe na mtoto, kiti hicho atakibeba na mkono gani? Hata Uingereza, kwenye sheria kali za viti vya watoto, teksi imeachiwa nafasi: kiti kisipokuwepo, mtoto wa chini ya miaka mitatu anaruhusiwa kusafiri bila kiti, mradi akae nyuma. Hawakufanya hivyo kwa kuwa ni salama. Waliona teksi ni teksi. Kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa bila neno juu ya kiti cha mtoto, ingawa kanuni za pikipiki za mwaka 2010 zilimkumbuka: mtoto wa chini ya miaka 9 hapakiwi bodaboda.

Basi tufanye nini na gari lililopo? Magari yetu mengi, Probox, IST, Noah, yametoka Japani yakiwa na mikanda ya nyuma. Iko wapi? Imekaliwa. Fundi wa makava alipovisha siti, vifungio vikabaki chini ya kava, na huko vinakula vumbi na makombo ya mihogo. Dereva ukimuuliza atakwambia "huku nyuma hakuna mkanda, mama", na anaamini anachosema. Wembe mmoja na dakika kumi, vifungio vinatoka.

Mkanda ukipatikana, uvute polepole, halafu uvute ghafla. Ukikamata, ni mzima. Ukiendelea kutoka tu, hama siti.

Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa akae siti ya nyuma, peke yake, mgongo umegusa kiti, na mtu mzima ubavuni. Mkanda wa kiunoni ulale chini, kwenye nyonga na mapaja, usipande tumboni. Wa juu ukimkata shingo, msogeze upande wa kifungio hadi ukae begani. Usimwekee mto laini. Atateleza chini ya mkanda. Na usimkalishe mbele hata akililia dirisha, kwani mfuko wa hewa unaofumuka kwenye dashibodi ulitengenezwa kwa kifua cha mtu mzima. Hivi si sawa na kiti chake. Ni nafuu kuliko mapaja.

Mchanga asiyeweza kukaa, huyo sina cha kumpa kizuri. Mama akae nyuma, ajifunge mkanda wake mwenyewe kwanza, ndipo amshike mtoto kwa nje ya mkanda. Yaliyobaki ni mwendo.

Madereva, nina ombi juu ya dumu. Probox haina ukuta kati ya mizigo na vichwa vya abiria. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi, na kanuni ile ile ya mwendo iliyomrusha mjukuu wangu italirusha nalo. Liwekwe sakafuni, limebanwa nyuma ya siti, lisipandishwe juu ya mabegi. Ndoo ya dagaa vivyo hivyo.

Milango ya nyuma ya magari haya ina kijiti kidogo pembeni, unakiona ukiufungua mlango. Ukikishusha au kukipandisha, kutegemea gari, mlango haufunguki kwa ndani. Wengi hawajawahi kukigusa. Mtoto wa miaka miwili vidole vyake havitulii. Na kushuka kuwe kushoto, upande wa ukingo wa barabara, hata kama nyumba iko ng'ambo.

Bajaji haina mkanda wala mlango. Mtoto akae katikati ya watu wazima wawili, asikae ukingoni. Kama mtu mzima ni mmoja, mzigo uzibe upande mmoja na mama upande wa pili. Safari ndefu ya lami, ya kwenda Kasulu tuseme, bajaji si chombo cha mtoto.

Kupatana

Ziwani tumeshaelewana, angalau kwa maneno. Mtu akipanda boti Kibirizi akasema "mwanangu boya la nini, nitampakata", hata wavuvi watamcheka. Nchi kavu tunacheka tukiambiwa mkanda.

Nadhani ni kwa sababu tunaanza kudai tukiwa tumeshaondoka. Ukimwambia dereva "punguza mwendo" mkiwa Gungu, anasikia umemtukana udereva wake. Sisi watu wa hapa tunapatana kabla ya kupanda. Hakuna anayeingia teksi bila bei. Basi mtoto aingie kwenye mapatano hayo hayo: "Ujiji shilingi ngapi? Nina mtoto, nataka mkanda wa nyuma, na twende polepole." Dereva anayetaka elfu moja zaidi kwa mwendo huo, aseme pale pale. Mimi binafsi nitailipa.

Na kijiwe cha teksi, kile cha stesheni au cha uwanja wa ndege, kinaweza kuchanga kikanunua viti viwili vya watoto, vikakaa kijiweni, vikaazimwa kwa anayempata abiria mwenye mtoto. Vya mitumba vipo, lakini muulizeni muuzaji kama kiti kimewahi kuwa ndani ya gari lililogonga, na mkikuta ufa kwenye plastiki mkiache. Vingi hufungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, ndiyo maana nimesumbua sana habari ya vifungio.

Mwenyekiti, nimeomba magari mawili yaegeshwe hapo nje chini ya mwembe, na wembe ninao kwenye mkoba. Kava la kwanza nitalikata mimi, kama mwenye gari ameridhia.