Kabla ya Kununua Banda la Ngazi la Simbilisi



Ununuzi wa banda la simbilisi ni jambo ambalo wengi huliona dogo. Kwa miaka mingi mnyama huyu amefugwa jikoni, akiachiwa sakafu na mabaki ya majani. Leo yapo mabanda ya ngazi mbili, tatu hata nne, yanayotengenezwa na maseremala na mafundi wa kuchomelea vyuma, na mengine hutangazwa kwa picha za simu. Banda la ngazi huokoa nafasi na hurahisisha usafi. Hata hivyo, likichaguliwa vibaya, humla mfugaji mtaji wake mara mbili: kwanza fedha za banda, kisha wanyama wenyewe.

Jambo la kwanza ni idadi. Muuzaji akisema banda lake linachukua simbilisi sitini, msiipokee hesabu hiyo kabla ya kupima. Tuchukue mfano wa banda la ngazi tatu, kila ngazi ikiwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60. Ngazi moja ina sentimita za mraba 7,200. Mkiweka wanyama ishirini humo, kila mmoja atapata sentimita za mraba 360, yaani zaidi kidogo ya nusu ya karatasi ya kuandikia ya A4. Simbilisi mzima ana urefu wa sentimita 20 hadi 25. Hatapata hata mahali pa kujigeuza, sembuse jike mwenye mimba. Ushauri wetu ni kwamba ngazi ya ukubwa huo ichukue dume mmoja na majike watano, wala si zaidi.

Tena, si kila ngazi ni ya wazazi. Jike hubeba mimba kwa siku 59 hadi 72, na kwa kawaida huzaa watoto wawili hadi wanne. Watoto huachishwa kunyonya wakiwa na wiki tatu hivi, na hapo madume wachanga lazima watengwe mapema, kwani hawachelewi kuwapanda dada zao na mama zao. Kwa hiyo, katika banda la ngazi tatu, ngazi mbili ni za uzazi na ya tatu, yenye kizuizi katikati, ni ya watoto wa kiume upande mmoja na wa kike upande wa pili. Majike kumi wakizaa kwa pamoja wataleta watoto ishirini hadi arobaini. Anayenunua banda bila kujua atawauza au atawala lini watoto hao atajikuta amejaza ngazi zote kabla ya mwaka kwisha.

Jambo la pili ni sakafu, na hapa ndipo walaji wengi wanapopotea. Banda la sungura si banda la simbilisi. Wauzaji hutoa banda lile lile kwa wanyama wote wawili, likiwa na sakafu ya wavu. Nyayo za simbilisi hazina manyoya. Akikanyaga waya usiku na mchana hupata vidonda, na vidonda hivyo hukaribisha maradhi. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, nao huanza kutembea siku ile ile; miguu yao myembamba hunasa katika matundu ya wavu na kuvunjika. Chagueni sakafu ya mbao laini au ya bati, iliyotandikwa maranda makavu au nyasi kavu, na yenye mwinamo mdogo ili mkojo usituame. Waya wa kuku ubaki kwenye kuta na milango.

Jambo la tatu ni mkojo wenyewe. Katika banda la ngazi, uchafu wa wa juu huwashukia wa chini ikiwa sakafu ina nyufa au trei haifiki ukingoni. Mbele ya muuzaji, mwageni maji kidogo kwenye ngazi ya juu, kisha tazameni ya chini. Vuteni kila trei nje kwa mkono mmoja. Trei inayokwama leo, ikiwa bado mpya, haitasafishwa baada ya miezi mitatu. Mkishaanza kufuga, inamisheni vichwa hadi usawa wa wanyama kila asubuhi. Harufu ikiwachoma macho ninyi mliosimama hapo kwa dakika moja, wao wanaivuta saa ishirini na nne.

Jambo la nne ni mbao na rangi. Simbilisi hutafuna maisha yake yote, kwa sababu meno yake hayaachi kukua. Ulizeni kama mbao zimepakwa oili chafu au dawa ya mchwa. Kinachowafaa mchwa kwa kuwaua hakimfai mnyama ambaye ninyi na watoto wenu mtamla. Miguu ya banda ndiyo isimamishwe katika vikopo vya maji ili kuwazuia siafu, na ngazi ya chini iwe juu ya ardhi kiasi cha nusu mita. Banda lisikae chini ya bati tupu lenye jua la mchana. Joto linapopita nyuzi 30 za Selsiasi, majike wenye mimba huwa katika hatari ya kufa.

Jambo la tano ni hori. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Huipata katika majani mabichi ya kila siku. Majani yakitupwa sakafuni hukojolewa na kuachwa. Banda lisilo na hori la majani halijakamilika, hata kama bei yake ni nafuu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Mwisho, ndugu walaji, ni haki zenu. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ili haki hiyo iwe na nguvu, tunzeni ushahidi. Hifadhini picha ya tangazo. Mkiagiza kwa fundi, andikianeni vipimo, aina ya sakafu, idadi ya trei, tarehe ya kukabidhiwa na kiasi cha malipo ya awali, kisha nyote wawili mtie sahihi. Daini risiti. Banda likija tofauti na mlivyokubaliana, mjulisheni muuzaji kwa maandishi mara moja, kabla ya kuingiza mnyama hata mmoja, na mkishindwa kuelewana pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani.

Tunawashauri waanzao waanze na ngazi moja iliyo imara. Ya pili iongezwe majike wa kwanza watakapokuwa wamezaa na kulea salama. Nendeni sokoni na futi ya kupimia mkononi, na muuzaji asiyetaka bidhaa yake ipimwe, mwacheni nayo.