Mwarobaini na Ujira wa Mchongaji



Tumeulizwa hapa Ziwa la Ng'ombe, bakuli la mti lahusu nini chama cha wafanyakazi? Lahusu ujira. Kule Changamwe, ambako reli hupita, wako wenzetu wa ushirika wa wachongaji wa Kikamba, ulioanzishwa mwaka 1963. Zamani wakichonga muhugu na mpingo. Muhugu hukua polepole mno, na msitu wa Arabuko-Sokoke ukakatwa kupita kiasi. Tangu miaka ya 1990 wengi wameshika mwarobaini, mti wa uani, ukuao upesi. Mkulima huuza gogo lake mwenyewe.

Ila mwarobaini mbichi hupasuka. Sisi wa reli twaijua habari hiyo kwa mataruma. Mchongaji hana budi kungoja ukauke, na siku za kungoja nazo ni kazi.

Kay Bojesen, fundi wa Denmark, mwaka 1951 alibuni kima wa msaji na limba, mbao mbili tu. Huuzwa hata leo, tena ghali! Kwa nini basi twambishia mchongaji wetu mpaka senti ya mwisho?

Mnunuzi na aulize: mti gani, umekaushwa vipi? Chombo kilichopakwa rangi ya viatu kikaitwa mpingo, tusikitilie chakula.