Njia ya Pili Isilale Bure
(Maneno ya fundi wa mtandao katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)



Naomba nianze na aibu yetu. Hospitali ina njia mbili za kufika ofisi kuu, na kutoka hapo kwenye intaneti. Moja ni ya minara ya redio, inapita chuo cha ufundi. Ya pili ni setelaiti, mliyoigharamia ninyi ili hospitali isikatike. Wakati wa masika radi ilipiga mnara wa chuo, na hospitali ikakaa siku mbili bila mawasiliano huku dishi likiwa zima juu ya paa.

Kosa lilikuwa langu. Ruta, yaani kile kisanduku kinachopanga ujumbe upite wapi, nilikuwa nimeiandikia njia kwa mkono: "Pitisha chuoni." Redio ya hospitali yenyewe ilikuwa nzima na taa yake inawaka, basi ruta ikaendelea kutii. Nami nilikuwa safarini.

Sasa ruta zote tatu zinapeana habari zenyewe, kwa itifaki iitwayo OSPF. Kila sekunde 10 ruta humsalimu jirani yake. Zikipita sekunde 40 bila salamu, jirani huhesabiwa kuwa hayupo, na njia nyingine hushikwa bila kumngoja fundi.

Mmoja wenu aliniuliza kwa nini hatukuchukua RIP, iliyo rahisi zaidi. RIP huhesabu hatua tu, haijali kasi. Kwa setelaiti ofisi kuu ni hatua moja, kwa minara ni mbili. Ingetupeleka setelaiti kila siku, ujumbe upande karibu kilomita 36,000 na kushuka tena. OSPF hutazama gharama, ambayo ruta huikadiria kwa kasi. Hata hapo pana mtego: ruta huona waya unaokwenda kwenye modemu, haioni anga. Waya ni wa megabiti 100, setelaiti yetu ni kilobiti 512. Kwa hiyo gharama niliziandika mwenyewe: 10 kwa kila hatua ya redio, 195 kwa setelaiti.

Tena, ruta humwamini jirani. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitangaza njia ya YouTube kwa nia ya kuifunga nchini mwao. Tangazo likavuja nje, na sehemu kubwa ya dunia ikaikosa YouTube kwa saa mbili hivi. Itifaki pale ilikuwa BGP, lakini udhaifu ni wa aina hiyohiyo. Ndiyo maana ruta zetu hudaiana nywila, na upande wa maabara ya kompyuta chuoni nimezima salamu kabisa. Vijana wale ni wadadisi mno.

Jumamosi ya kwanza ya kila robo mwaka, saa nne asubuhi, tutazima mnara wa chuo kwa makusudi. Mganga mfawidhi ameshakubali. Naomba mjumbe mmoja wa kamati awepo hospitalini na saa yake, ahesabu sekunde.