Mgonjwa wa Akili Naye Ana Kwao



Mtu akifanya jambo la ajabu, tumezoea kusema, "Huyu apelekwe Mirembe." Tunacheka, tukisahau kwamba Mirembe ni hospitali, na waliomo ni watoto wa watu. Leo tuitazame historia ya nyumba za namna hiyo, tupate kulijua deni letu.

Hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika Afrika Mashariki ni Lutindi, katika milima ya Usambara. Mwaka 1896 Waprotestanti wa Ujerumani walianzisha pale makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali. Paa lililowahifadhi waliofunguliwa minyororo likawapokea waliofungwa na maradhi. Sisi wa upande huu wa Ziwa Tanganyika twaielewa maana yake, kwa kuwa Adrian Atiman, aliyewatibu watu wa Karema na kufariki mwaka 1956, alikuwa yeye mwenyewe mtumwa aliyekombolewa.

Mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza, ilifunguliwa Mirembe huko Dodoma. Siku hizo nyumba hizi ziliwatenga wagonjwa na jamii zaidi ya kuwaponya, maana dawa zilikuwa bado. Klopromazini, dawa ya kutuliza maradhi haya, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na tangu hapo wengi wameweza kutibiwa wakiwa kwao. Katika miaka ya 1980 nchi yetu ilianza kuisogeza huduma hii karibu na wananchi, kwa majaribio katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Lutindi na Mirembe zingali zikihudumia wagonjwa hata leo.

Huko ng'ambo nyumba nyingi kama hizo zimefungwa. Mojawapo ni Willard, katika jimbo la New York, Marekani, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 1869 na kufungwa mwaka 1995. Wakati wa kuifunga, yalikutwa darini masanduku zaidi ya 400, yenye nguo, picha na barua. Wagonjwa waliingia nayo, wakapokonywa mlangoni. Wengi hawakurudi kwao kamwe. Wakazikwa palepale, katika makaburi yenye namba pasipo majina.

Ndugu, tusidhani kwamba Willard iko mbali. Anayempeleka ndugu yake hospitali kisha asirudi kumfuata, ameliweka sanduku lake darini. Anayemfunga mgonjwa mnyororo nyuma ya nyumba, kwa hofu au kwa aibu, amejijengea hospitali isiyo na mganga wala dawa. Hatusemi haya ili kuwahukumu wenye mzigo. Kumwuguza mgonjwa wa akili ni kazi nzito, na kutoka hapa hadi Dodoma ni safari ndefu, yenye gharama. Mzigo huo hauwezi kuwa wa familia moja.

Injili yatusimulia habari za yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyefungwa minyororo na kukaa makaburini. Alipopona aliomba afuatane na Bwana, lakini Bwana alimtuma arudi nyumbani kwa jamaa zake. Kumbe haikutosha apone tu. Ilipasa pia apokewe kwao.

Kwa hiyo twaomba kila jumuiya iwatembelee wagonjwa hawa kama inavyowatembelea wagonjwa wengine. Iwahimize wenye mgonjwa kumfikisha mapema kituo cha afya. Ipange zamu ya kuipumzisha familia inayomwuguza. Ichange nauli ya kumfuata aliyepata nafuu. Na ikomeshe dhihaka vinywani mwetu.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:

1. Je, katika kitongoji chetu yuko aliyefungwa au kufichwa? Nani atakwenda kwake juma hili?

2. Je, yuko aliyepelekwa hospitali, ambaye jina lake halitajwi tena nyumbani?

3. Akirudi kesho, atakuta mahali pa kulala, jembe la kushika, na mtu wa kumwita ndugu?