Maneno ya Makarani Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina, nasi hatutazirudia. Twaomba ruhusa kusema juu ya mstari mmoja tu wa hesabu zile, ule wa mchango wa mazishi.

Mwanachama yule alifika afisini mwetu mara tatu kabla ya kufa kwake. Mara ya kwanza alitaka mkopo, tukampa fomu. Mara ya pili alisema mwili wote wamuuma na usingizi hapati, tukamwambia aende hospitali. Mara ya tatu hakutaka kitu. Alikaa tu karibu na mlango hata tukafunga. Sisi makarani tulimdhania mlevi. Twalikiri jambo hili mbele yenu kwani limetulemea.

Tangu hapo tumejifunza habari za Dixon Chibanda, tabibu wa maradhi ya akili katika nchi ya Zimbabwe. Yeye naye alifiwa na mgonjwa wake, mwanamke kijana aliyejiua, ambaye jamaa zake walikosa nauli ya dola 15 ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, akaanza kazi na akina nyanya 14, pasipo chumba wala wauguzi, ila benchi la mbao nje ya zahanati. Wazee wetu watapenda kusikia ya kwamba nyanya hao ndio waliomrekebisha daktari. Yeye alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Wao wakamwambia hatakuja mtu. Likaitwa Benchi la Urafiki, na watu wakaja.

Pale mtu hatakiwi kujua jina la ugonjwa lililo vitabuni. Washona husema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, nasi tusemapo "nina mawazo" hatuko mbali nao. Nyanya huuliza maswali 14 kwa lugha ya mgeni wake, kisha humwacha aseme. Akiisha kuzitaja shida zake zote, huchagua moja tu, naye mwenyewe hutafuta njia ya kuikabili; nyanya hamwamrishi. Aweza kurudi hata mara sita, na baadaye huingia katika kikundi cha wenzake, ambako hushona mikoba huku wakizungumza.

Jaribio lililotangazwa mwaka 2016 lilihusu watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya waliopata matibabu ya kawaida walikuwa wangali na dalili za ugonjwa wa huzuni. Kwa wale wa benchi, walikuwa kama 14 tu katika kila 100.

Katika chama chetu mmoja husema moyo wamlemea, mwingine tumbo lamchoma, wa tatu husema amerogwa. Si kazi yetu kumbishia. Yatupasa tuanzie pale alipo. Tena kijana huenda asimfungulie mzee ajuaye baba yake, wala mwanamke asiseme mbele ya wanaume. Bali anenaye habari ya kujiua asiachwe peke yake, apelekwe kwa daktari siku ile ile, na nauli itoke katika mfuko wa chama.

Wengine walitutisha kwa habari ya polisi. Sheria iliyomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua mwezi wa Januari 2025 ya kwamba yapingana na Katiba.

Basi twaomba wazee sita, wanaume watatu na wanawake watatu, wakubali kufundishwa na kupokezana kila Jumamosi. Benchi lililo karibu na mlango tutalihamisha chini ya mwembe, mbali na dirisha letu, ili yasemwayo pale yasifike mezani petu. Fomu hazitakuwapo.