Nani Hayumo Darasani?

Somo letu la leo ni shule na watoto wake.

Waingereza waliianzisha Shule ya Serikali ya Tabora katika miaka ya 1920, hasa kwa wana wa machifu. Julius Nyerere, mwana wa chifu wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937, akafaulu vizuri. Je, wajukuu wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo hawakuwa na akili? Walikuwa nazo. Wengi wao hawakupata nafasi.

Basi, mkisikia kwamba shule fulani imefaulisha wengi, ulizeni pia: nani hayumo darasani? Matokeo ya mtihani huhesabu waliofanya mtihani tu. Binti aliyebaki shambani hahesabiwi.

Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001. Ya sekondari, hadi kidato cha 4, mwaka 2016. Tangu Novemba 2021, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni majina ya watoto wa nyumbani kwenu. Nani haendi shule? Kwa nini? Jibu lileteni darasani, tulisome pamoja.

Kwaherini.